Glasi Mbili za Soda

Wagonjwa wenyewe ndio waliompa jina la Sista Sukari, naye akalipokea kama mtu anayevishwa nishani. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya kisukari, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye ulimi unaokata kuwili. Kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, kabla daktari hajaanza kuita majina, alisimama mbele ya mabenchi manne ya mbao akatoa somo. Mezani alipanga chupa tupu za soda, na mbele ya kila chupa akaweka kifuko cha nailoni chenye sukari iliyomo ndani ya soda ile, kijiko kwa kijiko. Watu wakiviona vile vifuko waliguna kwa pamoja kama walioonyeshwa nyoka.

Chupa ya mwisho haikuwa na kifuko. Ilikuwa ya soda isiyo na sukari, na hiyo ndiyo aliyoipenda. "Utamu bila dhambi," alisema kila mara, kisha akafungua moja ya kwake na kupiga funda mbele yao. Kwa siku alikunywa nne, wakati mwingine tano. Ukivuta droo ya meza yake ghafla, chupa ziligongana mle ndani kama vyombo vya harusi.

Jumanne moja mzee mmoja, fundi viatu, alinyanyua mkono kutoka benchi la nyuma.

"Samahani, Sista. Hizi zisizo na sukari nasikia nazo si nzuri. Mwanangu kasoma mahali kwamba zina kitu kinacholeta kansa. Wengine wanasema zinaharibu tumbo, wengine moyo. Sasa sisi tushike lipi?"

Lilikuwa swali la haki. Jibu lake la kweli lilikuwa refu na lenye "huenda" nyingi, na Sista hakuwa mtu wa "huenda."

"Mzee wangu," akasema, "wewe umevuta harufu ya gundi tangu hujaota ndevu, leo ndiyo unaogopa soda?"

Mabenchi yote manne yakaangua kicheko. Fundi viatu akacheka nao, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, halafu akainama akaanza kubandua gundi iliyokaukia kwenye kidole gumba. Hakuuliza tena.

Lakini mganga hajigangi. Baba yake Sista alikuwa na kisukari, na hicho kilikuwa kimekataa katakata kufugika.

Mzee huyo alikuwa mpiga chapa mstaafu. Miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye mtambo wa kuchapa lebo: za sabuni, za viberiti, za mafuta ya kupikia. Mtambo ulimwachia sikio la kushoto lisilosikia vizuri, na mazoea ya kupapasa kila karatasi iliyopita mkononi mwake ili ajue unene wake. Tangu afiwe na mkewe alikaa kwa mwanawe wa kiume, mdogo wake Sista, mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro. Aliyemtunza hasa alikuwa mke wa huyo mdogo, wifi yake Sista: fundi cherehani, mrefu, mpole, mchache wa maneno, aliyeshona sare za shule pale pale sebuleni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kutwa nzima.

Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo wifi ndiye aliyevuta insulini na kumchoma, asubuhi na jioni. Sista ndiye aliyemfundisha. Alimfundisha pia dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, maneno yasiyo na kichwa wala miguu. "Ukiziona hizo usingoje kuuliza mtu," alimwambia. "Mpe glasi ya soda, hesabu robo saa. Kama hajarudi sawa, mpe nyingine." Akaweka chupa ya soda ya machungwa, soda hasa na sukari yake yote, ndani ya kabati dogo kando ya kitanda cha mzee. Hiyo ilikuwa ya dharura tu.

Miezi ikapita. Vipimo vya mzee vikawa vinapanda: kumi na nne, kumi na sita, siku nyingine kumi na nane. Daktari alilifunga daftari la kliniki akasema kwa utani, "Sista, somo lako nyumbani halifiki, eh?" Wauguzi wenzake wakacheka. Yeye akacheka kuliko wote, lakini utani ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili alipokwenda kumsalimia baba yake, alifungua lile kabati akaikuta chupa imebaki nusu. Akaleta nyingine. Jumapili iliyofuata nayo ilikuwa nusu.

"Baba, nani anakunywa hii?"

Mzee akatazama dirishani. "Hata sijui."

"Baba!"

"Labda inakauka yenyewe."

Wajukuu wawili waliokuwa mlangoni wakacheka. Sista hakucheka.

"Mtu mzima na mvi zako unaiba soda? Kweli, baba? Hawa watoto wajifunze nini kwako?"

Wajukuu wakaacha kucheka, wakateleza nje. Mzee alivuta shuka mpaka kidevuni, ingawa ulikuwa mchana na jua lilikuwa kali, akafumba macho kama mtu anayetafuta usingizi.

Sista angeweza kukaa pale kitandani na kumwuliza baba yake swali la pili, kwa sauti ya chini. Hakukaa. Alirudi kwake na hasira zake, na Jumamosi iliyofuata, jikoni kwake, akafanya jambo alilodhani ni la akili. Alinunua chupa ya soda ya machungwa, akaifungua, akaimimina yote kwenye sinki. Ilipiga povu, ikazunguka, ikashuka. Kisha akachukua soda ya machungwa isiyo na sukari, akaipitisha kwenye faneli mpaka ile chupa ya kwanza ikajaa. Rangi ilikuwa moja na harufu moja. Akakaza kizibo, na kesho yake akaiweka kabatini kwa baba yake.

Akiiba, aliwaza, ataiba maji ya rangi.

Wazo la dharura lilimjia, hatuwezi kusema halikumjia. Alilifukuza kwa hoja mbili. Kwanza, sukari ya mzee haikuwahi kushuka hata siku moja tangu aanze kuchomwa. Pili, wiki hiyo hiyo angeleta paketi za glukosi kutoka kliniki azikabidhi kwa wifi. Paketi alizitia mkobani kweli Jumanne. Jumatano akampa mgonjwa aliyekuja bila chochote, kisha kazi zikamzonga. Akabadilisha soda Jumamosi nyingine, na nyingine, na nyingine tena, na paketi hazikufika.

Na vipimo vikashuka! Tisa. Nane. Sita na nusu. Daktari akampa mkono mbele ya watu. Sista akasimama mbele ya mabenchi akasema, "Hata baba yangu mzazi, mbishi kuliko nyinyi wote, nimemweza." Watu wakapiga makofi. Hakuwaambia alimwezaje.

Alhamisi ya wiki ya tano, saa tano kasoro, alikuwa katikati ya somo. Alikuwa ameshika kifuko cha sukari hewani aliposikia kelele kwenye lango la gari la wagonjwa. Hakugeuka mara moja, kwa maana hospitalini kelele haziishi. Aligeuka aliposikia mtu anaita, "Wifi! Wifi yangu!"

Wifi yake alikuwa anakuja mbio kwenye ukumbi, miguu mitupu, utepe wa kupimia bado shingoni, gauni limelowa kifuani. Nyuma yake jirani mmoja, dereva wa pikapu, alikuwa amembeba mzee mgongoni kama gunia. Kichwa cha mzee kilicheza huku na huku, na mkono wake wa kulia ulining'inia vibaya. Na wifi, katika kukimbia kote kule, alikuwa amekumbatia chupa ya soda ya machungwa.

Kifuko kikamponyoka Sista, kikapasuka sakafuni.

Yaliyotokea nyumbani aliyasikia baadaye kwa wifi, mara tatu, na kila mara yalikuwa yale yale neno kwa neno. Saa nne kamili wifi aliinua macho kutoka kwenye cherehani akamwona mzee ameketi kwenye kiti chake, shati limeloa jasho chapachapa, vidole vinacheza. Akamwita. Mzee akamjibu, "Mwambie msimamizi wino mwekundu umekwisha." Wifi akakumbuka somo. Akakimbilia kabatini, akamimina glasi, akamshikia mzee kichwa, naye akanywa yote. Akatazama saa ya ukutani. Dakika kumi na tano zikapita, na mzee sasa alikuwa hamtambui. Akampa glasi ya pili. Kabla robo saa nyingine haijaisha mzee akaanguka kutoka kwenye kiti, akaulalia mkono wake, akaanza kukakamaa. Ndipo alipopiga mayowe na jirani akaja.

Daktari alimpima pale pale kitandani. "Moja nukta tano!" Akaagiza dripu ya glukosi. Mikono ya Sista ilifanya kazi yenyewe: ikatafuta mshipa, ikafunga plasta, ikafungulia dripu.

"Amekunywa nini?" daktari akauliza.

"Soda, daktari. Glasi mbili." Wifi akainua ile chupa. "Hii hapa. Nilifuata kama nilivyofundishwa."

Daktari akaitazama lebo. "Glasi mbili za hii, na bado moja nukta tano? Haiwezekani. Dada, asubuhi umemchoma kiasi gani?"

"Kile kile cha siku zote."

"Una hakika hukurudia?"

Wifi akamtazama Sista, kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu wake akiulizwa swali na mgeni.

Sista akasema, "Nipe hiyo chupa, wifi, itamwagika." Akaichukua. Akaingia nayo chumba cha kuoshea vyombo, akafunga mlango kwa kisigino, akaimwaga soda yote kwenye sinki, akaisuuza chupa mara mbili, akaitupa kwenye pipa. Chupa ya kutupwa haisuuzwi, hilo alilijua hata wakati mikono ikilitenda. Juu ya sinki kulikuwa na kioo kidogo. Hakukitazama.

Mzee alizinduka baada ya dakika ishirini, akauliza kwa nini mkono unamuuma. Ulikuwa umevunjika kifundoni.

Mdogo wake Sista alifika saa saba na vumbi la sufi ya magodoro kwenye nywele. Aliposikia maelezo ya daktari alimgeukia mkewe pale pale ukumbini. "Umemchoma mara mbili. Kazi ya kushona imekujaa kichwani, umesahau kama ulishamchoma, ukamchoma tena."

"Sikumchoma mara mbili, baba watoto."

"Sasa sukari ilikwenda wapi? Iliyeyuka?"

Jioni akaja shangazi yao, dada yake mzee, mwanamke ambaye hajawahi kuona moto asiumwagie mafuta. Alisema kwamba mgonjwa hawekwi mikononi mwa mtu mwenye shughuli zake. Alisema uzembe wa mtu mwingine ungekuwa msiba wao. Alisema mzee ahamie kwa binti yake, kwa msomi, na sindano zote zikabidhiwe huko. Kila alipomaliza sentensi alimwangalia Sista, na Sista alitazama vigae vya sakafu. Alikuwa na nafasi ya kusema baada ya sentensi ya kwanza. Alikuwa nayo baada ya ya pili. Kadiri alivyongoja ndivyo neno lilivyozidi kunenepa, mpaka likawa haliwezi kupita mlangoni.

Walipokuwa wanatoka, wifi alimvuta kando karibu na bomba la kunawia. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Wifi, niambie wewe unayejua. Mimi nakumbuka nimemchoma mara moja. Naona kabisa picha yake. Lakini je, inawezekana mtu akachoma mara mbili akakumbuka moja? Maana nimeanza kujiogopa. Nina watoto nyumbani."

Hapo Sista angeweza angalau kunyamaza. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe, ile ya mbele ya mabenchi, laini na yenye uhakika, ikisema, "Mtu akichoka husahau, wifi. Usijilaumu sana."

Wifi akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyepokea majibu ya maabara. "Kumbe," akasema. Akanawa uso, akaondoka.

Ijumaa Sista aliomba ruhusa kwamba anaumwa, na kwa kweli alikuwa hana hali. Alikaa kitandani kwake, akafungua soda moja kwa mazoea, akashindwa kuimeza. Watu husema wanataka ardhi ipasuke iwameze. Yeye alitamani ingekuwa rahisi hivyo, maana anayemezwa na ardhi haulizwi kitu.

Jumamosi mchana alikwenda wodini kumnawisha baba yake. Mkono wa mzee ulikuwa kwenye plasta ngumu hadi kiwikoni. Alikuwa amechangamka, akilalamikia mto. Sista alipomaliza kumfuta uso, mzee akamshika kiganja kwa mkono wa kushoto.

"Mwanangu, nikwambie jambo, lakini usinigombeze."

"Sema, baba."

"Ile soda siku hizi haina nguvu."

"Nguvu gani?"

"Ya kuninyanyua. Mimi hutetemeka, mama. Saa nne, saa tano hivi, wifi yako akiwa kwenye cherehani. Jasho linanitoka, moyo unakwenda mbio. Nilikuwa nakunywa ile soda glasi moja, mbili, natulia. Sikumwambia mtu. Mke wa mdogo wako ana kazi zake, na nikisema mtaniwekea mlinzi kama mtoto mchanga. Siku ile uliponiuliza mbele ya wajukuu nikaona haya, nikanyamaza."

Sista alikuwa ameshika kitambaa chenye maji. Maji yakawa yanamdondokea magotini.

"Lakini mwezi huu, hata nikinywa, wapi! Nikawa naficha kipande cha mkate mfukoni, hicho ndicho kinachonisaidia. Alhamisi sikuwa nacho. Nadhani mwili umeizoea soda. Dawa si huzoeleka?"

Kwa hiyo hakuwa mwizi. Dawa ilikuwa inamzidi kiasi, naye alikuwa anajiokoa peke yake, kimyakimya, kwa soda ile ile ya dharura. Hata vile vipimo vya juu vilikuwa na sababu: mtu anayeshuka kisha akajimiminia sukari kwa pupa hupanda kupita kiasi. Somo hilo Sista alikuwa akilitoa mwaka hadi mwaka. Na zile sita na nusu alizopigiwa makofi zilikuwa za mtu anayezama, aliyenyang'anywa kamba na binti yake.

"Baba," akasema. Ikabidi aanze tena. "Baba, haikuwa soda ile. Niliimwaga. Nilitia isiyo na sukari ndani ya chupa ile ile. Wiki tano. Nilidhani unaiba."

Vidole vya kushoto vya mzee vilipapasa upindo wa shuka, vikienda na kurudi.

"Lebo ilikuwa ile ile?"

"Ile ile."

"Miaka thelathini na mmoja nimechapa lebo," mzee akasema. "Hatukubandika ya mafuta kwenye sabuni hata siku moja. Hata siku mtambo ulipotuharibikia." Akavuta pumzi. "Mke wa mdogo wako anajua?"

"Bado."

"Anasemwa?"

"Anasemwa, baba."

"Basi usiniombe radhi mimi kwanza." Akageuza uso ukutani.

Saa kumi, saa ya kutazama wagonjwa, walikuja wote: mdogo wake, shangazi, na wifi akiwa nyuma na chupa ya chai, amesimama mbali kidogo na kitanda kama mgeni asiyejua kama anakaribishwa. Sista alikuwa amekusudia kumwita pembeni. Lakini wifi alilaumiwa mbele ya watu, akaona kweli haiwezi kwenda kujificha nyuma ya mlango. Akapiga moyo konde akasema, palepale, vitanda vya jirani vikisikia. Alisema alichofanya na soda. Alisema pia kwamba Alhamisi aliichukua chupa akaimwaga isije ikapimwa.

Mdogo wake alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Shangazi aliweka mkono mdomoni.

Wifi peke yake ndiye aliyeuliza. "Pale kwenye bomba, nilipokuuliza kama inawezekana mtu kusahau."

"Ndiyo, wifi."

"Ulikuwa unajua?"

Sista aliutafuta uongo mdogo hata mmoja wa kumfunika. Haukuwepo.

"Nilikuwa najua."

Wifi akaiweka chupa ya chai kwenye meza ya mgonjwa, akakifunga kizibo vizuri, akamwambia mzee, "Baba, chai hii haina sukari, mkate nitauleta mwenyewe jioni." Kisha akatoka. Hakuharakisha wala kulia. Shangazi ndiye aliyetoka mbio nyuma yake, kandambili moja ikabaki chini ya kitanda, akiita, "Mwanangu, ngoja! Mwanangu, ulimi wangu huu hauna mfupa!" Mdogo wake Sista aliinuka naye, akapita mbele ya dada yake bila kumtazama, kama mtu anavyopita mbele ya nguzo.

Jumatatu Sista alikwenda ofisini kwa yule daktari, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kliniki, na kuyarudia yote. Daktari aliandika. Alipofika kwenye habari ya chupa kalamu ikasimama.

"Uliimwaga kwa bahati mbaya?"

"Kwa makusudi."

"Na ukaniacha nimshuku yule mama mbele ya mumewe."

"Ndiyo."

Daktari hakumfokea, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Barua ya onyo ilikuja baada ya siku nne. Hatatoa masomo kwa miezi sita, na kazi yake itakuwa kwenye chumba cha mafaili. Meza yake ya chupa ilihamishwa. Kutoka kwenye mafaili alisikia muuguzi mwingine akifundisha, kwa kusitasita, akisema "huenda" mara nyingi, na wagonjwa wakiuliza maswali ambayo yeye hawakuwahi kumwuliza.

Kipimo cha insulini cha mzee kilipunguzwa. Alirudi nyumbani kwa mwanawe, kwa wifi yule yule, kwa kuwa alikataa kwenda kwingine. Kifundo kiliunga kwa kupinda kidogo. Akawa anashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Binti yake alipokwenda kumwomba radhi alisema, "Nimekusamehe, mama," na alimaanisha. Lakini baada ya hapo, kila alipopewa kitu cha kunywa na binti yake, alikinusa kwanza. Hakujua kama anakinusa. Sista alijua.

Siku moja akitoka kazini alipita kwenye kibanda cha yule fundi viatu, akatoa kiatu mkobani. Mzee akakigeuza, akakigonga kisigino, akakirudisha.

"Hiki hakijaharibika, Sista."

"Najua. Nimekuja kwa jambo jingine. Siku ile uliniuliza swali, nikakufanya kichekesho."

"Ah, hayo yamepita."

"Hayajapita. Jibu lenyewe ni kwamba sijui, mzee wangu. Hata wanaozichunguza hizo soda bado wanabishana. Wapo wanaosema ukinywa kidogo hazidhuru, wapo wanaoshauri watu wasizitegemee. Mimi nilikuwa nakunywa tano kwa siku huku sijui. Sasa nimeacha, na kichwa kinaniuma wiki ya pili. Ninalolijua kwa hakika ni moja: ukitetemeka sukari ikiwa imeshuka, hiyo haitakusaidia hata tone. Utakufa umeishika mkononi."

Fundi viatu akapaka gundi kwenye soli ya mtu mwingine, akaipuliza. "Ungenijibu hivyo siku ile ningekuelewa," akasema. "Kwani hata hii gundi naijua itanifanya nini? Keti kwanza, unaonekana umechoka." Sista akaketi kwenye kigoda cha wateja. Akakaa mpaka kiatu cha yule mtu mwingine kikakauka.

Kwa wifi mambo hayakuwa mepesi namna hiyo. Alimkaribisha, alimpa kiti, alimpa maji. Lakini hakumwita tena wifi. Alimwita Sista, kama wagonjwa walivyomwita, na jikoni hakumruhusu kuingia. Sista akitaka kusaidia kuosha vikombe, aliambiwa, "Kaa tu, Sista, hapa panatosha." Alikaa.

Mwezi wa tano tangu ile barua, daktari mkuu alimwita wifi hospitalini. Alikuwa amefikiri, alisema, na katika watu wote waliohusika siku ile ni mmoja tu aliyefanya kila kitu sawasawa. Akamwomba aje siku moja kwa wiki azungumze na wanaowatunza wagonjwa majumbani: dalili, glasi, robo saa. Wifi alisema yeye si msomi. Daktari akasema ndiyo maana anamwomba. Akakubali.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa. Sista alikuwa ametumwa kupanga viti, akabaki amesimama karibu na mlango. Wifi alizungumza kwa sauti ndogo, mikono ikishika ncha za utepe wake, akaeleza yaliyompata mkwewe. Sista alingoja kusikia jina lake. Alikuwa amejiandaa, hata alikuwa amekaza miguu.

"Mtu mmoja wa nyumbani," wifi akasema, "alikuwa amebadilisha soda. Kwa hiyo onjeni wenyewe, au wekeni paketi ya glukosi, ni salama zaidi."

Mama mmoja aliyekaa mbele akanyanyua mkono. "Huyo mtu wa nyumbani alikuwa na chuki na mzee?"

Wifi hakutazama mlangoni.

"Hapana," akasema. "Alikuwa anampenda sana. Vipimo vya mzee vilikuwa vinapanda, naye aliogopa kuchekwa. Haya, nani hapa hajawahi kushika kipima sukari? Sogeeni karibu, tushike wote."

Watu wakaanza kusogea. Uso wa Sista ulikuwa unawaka hadi masikioni, na hakuwa na pa kuuficha. Mwanamke mmoja mjamzito aliyechelewa aliingia, akatafuta pa kukaa asipaone, akamgusa begani.

"Samahani, dada, kuna kiti kingine?"

"Kipo," Sista akasema, akaenda kukileta.